Riwaya za Ross O'Carroll-Kelly: tuanzie kitabu kipi, na ile lafudhi inasomwaje?

Kurasa Mia

Wakuu, habari za wakati huu. Kikundi chetu cha kusoma kimechagua riwaya ya kejeli kutoka Ayalandi kwa mwezi ujao. Nakala zilizopatikana ni za The Oh My God Delusion ya mwaka 2010, kutoka ule mfululizo wa Ross O'Carroll-Kelly. Naomba msaada wa wanaoujua vizuri.

Kwanza, inafaa kuingilia hapo katikati, au tutakuwa tunadandia gari kwa mbele? Pili, maneno mengi hayamo kwenye kamusi yoyote: roysh, Dort, hord. Ni lugha gani hii? Tatu, tunataka kutafsiri kurasa mbili tatu tuzisome kwa sauti siku ya mkutano. Lafudhi ile tuifanyeje kwa Kiswahili? Tafadhali msitoboe mambo ya mbele ya hadithi, wengi wetu hawajafungua kitabu.

mama_maktaba

Karibu, Kurasa Mia. Nianze na mpangilio wa vitabu, maana hapo ndipo fedha za watu hupotea bure.

Ross, kijana wa kubuni wa matajiri wa Dublin kusini na msimulizi wa vitabu hivi, alianza kama safu ya gazeti la Sunday Tribune la Dublin, mwaka 1998. Aliyembuni ni Paul Howard, wakati huo mwandishi wa michezo wa gazeti hilohilo. Mwaka 2007 safu ikahamia The Irish Times. Vitabu viwili vya mwanzo ni The Miseducation of Ross O'Carroll-Kelly (2000) na Roysh Here, Roysh Now (2001). Baadaye O'Brien Press wakavihariri na kuvirudisha sokoni kwa majina mengine: cha kwanza kikawa The Miseducation Years, cha pili The Teenage Dirtbag Years. Asiyejua hununua vinne akidhani ni hadithi nne, kumbe ni mbili. Mwaka 2005 mfululizo ukaingia Penguin na The Curious Incident of the Dog in the Nightdress, kisha vikaendelea kutoka karibu kila mwaka hadi Don't Look Back in Ongar (2024), ambacho ndicho cha kufunga.

Mkivitafuta, kumbukeni kwamba jaladani mwandishi anatajwa kuwa Ross mwenyewe, "kama alivyomsimulia Paul Howard". Kwa hiyo orodha nyingine zimeviweka chini ya O, nyingine chini ya H. Tafuteni kwa majina yote mawili kabla ya kukata tamaa. Tena kuna vya pembeni ambavyo si riwaya, kama ule mwongozo wa Dublin ya kusini (2007) na We Need to Talk About Ross (2009). Hivyo msivihesabu kwenye mfuatano.

Sasa swali lako. Mfululizo huu unazeeka pamoja na wahusika wake. Ross yuko shule mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwenye vitabu vya mwisho ni mtu wa makamo mwenye watoto. Kila kitabu kina kisa chake kinachoanza na kuisha, ila mahusiano hayarudi mwanzo. Mkiwa na muda wa kitabu kimoja cha ziada, ningewapa The Curious Incident kabla ya hicho cha 2010. Humo Ross anagundua ana mtoto wa kiume, Ronan, aliyelelewa Finglas, mtaa wa wafanyakazi ng'ambo ya mto Liffey, kaskazini mwa Dublin. (Sijatoboa kitu, ndio msingi wa kitabu.) Kabla ya Ronan mfululizo unacheka watu wa upande mmoja wa jiji. Akishaingia, kila kitu cha matajiri kinapata wa kukipima, na anayekipima ni mtoto mdogo mwenye akili kuliko baba yake.

Muda ukiwa mfupi, ingieni moja kwa moja mkijua watu hawa: Sorcha ni mke, Honor ni binti, Charles ni baba, Fionnuala ni mama na anaandika riwaya. Christian, Oisinn, JP na Fionn ni marafiki wa tangu timu ya raga ya shule. Erika ni wa kundi hilohilo. Hao wanatosha.

Raga Ndani

Kuhusu matoleo nakubaliana na mama. Kuhusu pa kuanzia, mimi ningeshika The Teenage Dirtbag Years kwanza, kwa sababu lafudhi humo ni nzito kabisa na ukiishinda hapo vingine vyote vinateremka. Ila naelewa kwamba kikundi kina ratiba.

Hiyo si lugha nyingine. Ni Kiingereza cha Dublin kusini kilichoandikwa kama kinavyosikika. Mto Liffey unaigawa Dublin mara mbili, na kwa kawaida namba za posta za kaskazini ni witiri, za kusini ni shufwa. Dublin 4, yenye Ballsbridge na Donnybrook, ndiyo iliyoipa lafudhi hii jina: D4. Wengine waliiita lafudhi ya Dort, yaani DART, treni ya pwani iliyoanza mwaka 1984 na kupita mitaa ya wenye nacho.

Kanuni kubwa ni moja: penye sauti ya ar, Ross hutamka na kuandika or. Car inakuwa cor, hard inakuwa hord, hata baba yake Charles anakuwa Chorles. Mtego uko pale neno linapogeuka likafanana na neno jingine halali. Ukikutana na cor pork usitafute nguruwe. Ni maegesho ya magari. Kamusi itakupa jibu, na jibu litakuwa la uongo, ndiyo maana nasema wekeni kamusi kando kwa kurasa za mwanzo. Roysh nayo ni right, lakini kazi yake ni ya "yaani" au "si ndio" katika mazungumzo yetu: inashikilia pumzi, haibebi maana. Vitabu vya mwanzo vimejaa roysh; baadaye inapungua.

Njia ya kuisoma ni hii. Chukua ukurasa mmoja na penseli. Zungushia kila neno lenye or linalokushangaza, andika juu yake ar, kisha soma kwa sauti. Halafu futa, usome tena kama lilivyoandikwa, kinywa kikiwa kimeviringika kidogo. Usisome kimya. Jicho peke yake halitambui neno, sikio linalitambua papo hapo. Ukurasa wa kwanza utakula muda, ila ukifika wa kumi hutahitaji penseli. Kuna pia Rory Nolan, mwigizaji aliyemcheza Ross jukwaani tangu The Last Days of the Celtic Tiger ya mwaka 2007. Yeyote atakayesikia Nolan akisema sentensi tatu atakuwa ameipata sauti.

Kosa la pili ni la sarufi, na huwaangusha zaidi waliosoma Kiingereza vizuri shuleni. Ross hasemi "nilisema" wala "alisema". Husema "I'm there", "he goes", "she's like". Mtu anasoma "he goes" anadhani mhusika ameondoka chumbani, kisha mstari wa chini anamkuta bado anaongea. Hakuna aliyekwenda popote. Ni alama ya mazungumzo tu.

Ronan ana tahajia yake, ya Dublin ya kaskazini: "I'm" kwake huandikwa Ine, na yeye humwita baba yake Rosser. Hapa ndipo ninapomheshimu sana Howard. Hakuna anayepewa Kiingereza cha katikati kisicho na harufu. Msimulizi mwenyewe ana lafudhi, na ya mwanawe tunaisikia kupitia sikio la baba. Ukitamka irabu moja tu, kila mtu mezani ameshajua ulisoma wapi na nyumba yenu iko ng'ambo ipi.

Halafu raga. Msiiruke mkidhani ni pambo. Leinster Schools Senior Cup ni kombe la kweli la shule za sekondari, lipo tangu 1887, na fainali yake kwa desturi ni Siku ya Mtakatifu Patrick, 17 Machi. Shule zinazolitawala ni za ada, na Blackrock College ndiyo yenye makombe mengi kuliko zote. Castlerock, shule ya Ross, ni ya kubuni. Ross alivaa namba 10, mpigaji mateke wa timu, wakachukua kombe mwaka 1999. Vitabu vyote vilivyobaki ni vya mtu ambaye siku yake kubwa ilimpita kabla hajatimiza miaka 20 na bado anaisubiri irudi. Ukilikosa hilo utamwona mpumbavu tu, na riwaya itakuwa nyepesi kuliko ilivyo.

Kurasa Mia

Asanteni mno, hiyo ya "goes" ilikuwa imetupoteza kweli. Swali la nyongeza. Baadhi ya wenzetu wamechungulia kurasa chache wakachukizwa na jinsi Ross anavyowasema wanawake na watu wa hali ya chini. Mwandishi anamuunga mkono?

mama_maktaba

Hapana, na ni vizuri mmeuliza kabla ya mkutano, maana kikundi kinaweza kugawanyika kwa jambo hili.

Sisi tumelelewa na Abunuwasi, mtu wa hila anayejua vizuri anachofanya. Tunacheka pamoja naye. Ross ni kinyume chake. Anatusimulia kila kitu kwa nafsi ya kwanza na hajui kwamba ushahidi wote anaoutoa unamhukumu yeye. Anaripoti maneno ya mkewe, ya mwanawe, ya muuza duka, anayaelewa vibaya, anaendelea na safari. Sisi tumeyaelewa. Kejeli yote imekaa katika pengo hilo.

Kwa hiyo kwenye mjadala msianze na maneno ya Ross, anzeni na majibu ya wanaozungumza naye. Wekeni alama kila mahali mtu anaponyamaza, anapobadilisha mada au anapoondoka, na mwulizane ameona nini ambacho msimulizi hakukiona. Watakaofanya hivyo kwa sura mbili hawatauliza tena msimamo wa mwandishi.

Pamoja na hayo, matusi yamo, na ni mengi. Tusi lake kuu, lililoandikwa kwa lafudhi ileile ya kusini, linatokea karibu kila ukurasa, na mambo ya kitandani yanasemwa waziwazi. Mkutano wenye watoto au wakwe si mahali pake. Teueni kurasa za kusoma kwa sauti mapema, msifungue tu popote.

Daftari la Madeni

Naongeza upande wa uchumi, kwa sababu kitabu cha 2010 bila huo ni nusu kitabu.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 uchumi wa Ayalandi ulikua kwa kasi iliyoitwa Chui wa Kikelti (Celtic Tiger). Mwanzoni ulikuwa ukuaji wa viwanda na mauzo ya nje, baadaye ukageuka kuwa mikopo na nyumba. Benki zilikopesha wajenzi, wajenzi wakanunua viwanja kwa bei ya kutisha, na wananchi wakakopa ili wanunue kilichojengwa. Usiku wa kuamkia 30 Septemba 2008 serikali ikatoa dhamana kwa madeni ya benki sita kubwa za nchi. Deni la watu binafsi likawa la taifa. Novemba 2010 nchi ikaingia kwenye mpango wa uokoaji wa Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, euro bilioni 85.

Katikati ya hayo ikaundwa NAMA, chombo cha serikali cha kununua mikopo mibovu ya majengo. Kilichukua mikopo iliyoandikwa kwenye hesabu za benki kuwa euro bilioni 74 kwa takriban bilioni 32. Linganisheni wenyewe muone jinsi bei za awali zilivyokuwa hewa. Riwaya ya 2011 inaitwa NAMA Mia!, na ya 2013 Downturn Abbey, ambapo jina la Downton Abbey, tamthilia ya mabwanyenye wa Uingereza, limechomekwa neno la kuporomoka kwa uchumi. Majina mengi ya vitabu vya Penguin ni michezo ya namna hii. Msipoteze muda kuyatafsiri.

Kuhusu Charles: yeye ndiye tabaka lile lenyewe. Ayalandi ilikuwa na tume ya uchunguzi wa rushwa katika vibali vya ujenzi tangu 1997, na ofisi ya kutaifisha mali za uhalifu tangu 1996. Howard anavichukua vyombo hivyo vya kweli na kumpitisha humo baba wa kubuni. Katika This Champagne Mojito Is the Last Thing I Own (2008) Charles yuko gereza la Mountjoy na fedha za familia zimekamatwa. Uchumi ulipoanguka, mtu huyohuyo anaibuka na biashara ya kuchanachana nyaraka. Tazameni alichokichagua mwandishi hapo. Kampuni zinafilisika kila wiki, kila moja ina makabati ya karatasi ambazo wakubwa wake hawataki zisomwe, na anayekuja na mashine mlangoni ni mtu aliyewahi kufungwa kwa mambo hayohayo. Biashara moja inaeleza mdororo mzima, na hakuna mhusika anayelazimika kusimama kutoa hotuba.

Angalizo dogo: vitabu vya mwanzo vina pauni za Ayalandi, kwa sababu noti za euro ziliingia 1 Januari 2002. Baada ya hapo mkikuta yoyos, ni euro.

Fundi wa Tafsiri

Nimesubiri wenzangu wamalize, sasa nijibu la tatu.

Kosa ambalo karibu kila mtu atalifanya kwanza ni kuharibu herufi za Kiswahili ili kuonyesha lafudhi: r iwe l, z iwe dh, na kadhalika. Msifanye hivyo. Kwa Mdublin irabu inaonyesha tabaka. Kwetu sauti iliyogeuzwa inaonyesha kabila au mkoa. Msomaji hatasikia utajiri, atasikia mtu wa mahali fulani, na Ross atakuwa amegeuka mtu mwingine kabisa, tena kwa kumwonea jirani.

Utajiri wa kimjini kwa Kiswahili unasikika kwenye mchanganyiko. Watoto wa kishua wa Masaki, au wale ambao Nairobi huwaita mababi, hutambulika kwa kiasi cha Kiingereza wanachomwaga katikati ya sentensi. Basi mpeni Ross mchanganyiko huo, na muuandike kama unavyosikika: laiki, aktuali, omaigadi. Hapo mtapata vyote viwili, tabaka na tahajia ya ajabu inayomlazimu msomaji afungue kinywa. Wekeni kipimo: neno moja kwa sentensi, mawili yakizidi. Mkijaza kila nafasi, msikilizaji atachoka kabla ya aya ya tatu. Chagueni alama tatu au nne tu na mzirudie bila kubadili.

Zile "I'm there" na "he goes" zina mwenzake mzuri kwetu. Simulizi ya mdomo ya Kiswahili inasema "mimi hapo:" halafu maneno, kisha "naye:" halafu maneno. Mkiandika "nilimwambia" na "akanijibu" kila mstari, mwendo unakufa.

Baba na mama ni suala la adabu. Ross huwataja wazazi wake kwa maneno ya kuwashusha. "Mzee" ina heshima mno, "mshua" ina mapenzi ndani yake. "Dingi" na "maza" yanakaribia zaidi. Kwa Ronan fanyeni kinyume: msiweke "baba". Mtoto kumwita mzazi kwa jina la mtaani ni jambo linalomshtua msikilizaji wa Kiswahili, na mshtuko huo mnauhitaji, maana ndani yake mna ukaribu ambao Ross hakuwahi kuwa nao na baba yake. Rosser abaki Rosser.

Lugha ya Ronan iwe ya mtaani lakini isiwe ya mtaa mmoja unaojulikana. Kata silabi: nshasema, ntakuja, we vipi. Mkimmwagia misamiati ya Manzese au ya Eastlands, Finglas inafutika na hadithi inahama nchi. Majina ya mahali yote yabaki. Andikeni mstari mmoja wa maelezo mwanzoni, kwamba Foxrock ni kusini kwa wenye fedha na Finglas ni kaskazini kwa wafanyakazi, basi.

Panapokuwa na utani wa neno, jiulizeni kama unabeba kisa au unapita tu. Chukueni jina Should Have Got Off at Sydney Parade (2006). Sydney Parade ni kituo cha treni. Kwa juu ni abiria aliyepitiliza; kwa chini ni mwanamume ambaye angeshuka kituo kimoja kabla mkewe asingepata mimba. Kwa bahati njema "kushuka kabla ya kituo" inaeleweka kwa Kiswahili bila kuongeza neno, kwa hiyo huo mnaweza kuuvusha mzima. Mwingi wa aina hii hauvuki. Ukiwa unapita tu, uacheni, mtafute mahali pengine ndani ya ukurasa huohuo pa kuchekesha kwa njia yetu, ili idadi ya vicheko isipungue.

Raga Ndani

Fundi ameniwahi kwenye "mimi hapo". Naongeza matamshi ya majina, kwa sababu mtasoma kwa sauti. Sorcha si "Socha". Ni karibu na Sorakha, kh kama ya Khamis kwa watu wa pwani. Oisinn ni Oshiin. Fionn ni Fyun, silabi moja. Fionnuala ni Finuula. Taoiseach, yaani waziri mkuu, ni Tiishakh, kh ileile. Dún Laoghaire, ule mji wa bandari kusini, ni Dan Liiri. Mpeni msomaji wenu karatasi yenye majina haya siku moja kabla, ayatamke mara kumi kila moja. Akikwama kwenye Sorcha katikati ya sentensi, kicheko kinapotea na hakirudi.

Kurasa Mia

Nimeyachapa yote kwenye karatasi moja. Tutaanza na sura tatu za The Curious Incident, kisha tuhamie cha 2010. Fundi, rasimu ya kurasa mbili nitaileta hapa Jumapili, naomba uipitie hasa mahali Ronan anapozungumza.

Fundi wa Tafsiri

Ilete. Weka na ukurasa wa Kiingereza pembeni, nione ulipokata na ulipoongeza.